Jogoo la Kwanza na Darasa la Alasiri: Mfanyakazi Arudipo Chuoni katika Nchi ya Lusangi

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mshika mbili, moja humponyoka. Msemo huo husikika mara kwa mara pale mtu mzima mwenye kazi na familia anapotangaza kwamba anarudi masomoni. Wanaomtakia heri humwonya, na wasiomtakia heri humcheka. Lakini methali hiyo haisemi kwamba vitu viwili havishikiki kamwe. Inasema kwamba avishikaye kwa namna moja, kana kwamba ni kitu kimoja, atapoteza kimojawapo. Makala haya yanakusudia kueleza tatizo la mfanyakazi ambaye kazi yake huanza mapema asubuhi naye anataka kuhudhuria masomo ya chuo mchana au jioni. Mfano unaochukuliwa ni wa nchi ya Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Hoja kuu ni kwamba kinachomshinda mfanyakazi wa namna hiyo si uvivu, wala si uchache wa saa peke yake. Kinachomshinda zaidi ni ratiba ya chuo iliyokatwa kwa kipimo cha kijana asiye na kazi nyingine, kisha akavishwa mtu ambaye siku yake imekwisha kugawanywa. Ili kulieleza jambo hili, itatazamwa kwanza siku ya kazi na asili yake, kisha saa na lugha zinazoitawala, halafu maana ya neno chuo lenyewe. Mwishoni itafanywa hesabu ya juma zima, na kuonyeshwa njia ambazo nchi jirani zimejaribu. Saa zote zinazotajwa humu zinahesabiwa kwa desturi ya Kiswahili, yaani kuanzia mapambazuko na machweo.

2. Siku ya kazi na asili yake

Kasongo uko karibu na nyuzi 4 na nusu kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi na kutua karibu na saa 12 jioni, na tofauti kati ya mwezi mmoja na mwingine ni ya dakika chache tu. Machweo nayo ni mafupi: jua likishatua, giza huingia upesi. Mtu wa nchi ya baridi anaweza kungoja miezi ya kiangazi yenye jioni ndefu ili asome nje baada ya kazi. Mtu wa Lusangi hana jioni ya namna hiyo. Mwanga wake ni saa 12, si zaidi, na kazi nyingi hugombea nusu ya kwanza ya saa hizo.

Desturi ya kuanza kazi mapema ina sababu zake. Mkulima huwahi shamba kabla jua halijakali. Mpunga, zao ambalo Waswahili na Waarabu walilieneza sana Maniema katika karne ya 19, unahitaji kuamiwa tangu mapambazuko wakati wa kuiva, kwani ndege nao huamka mapema. Mama anayeuza sokoni hana budi awe amekwisha kuteka maji, kuwasha moto na kupanga bidhaa zake kabla wanunuzi hawajafika. Mchimbaji mdogo wa dhahabu wa upande wa Salamabila na Namoya, katika wilaya ya Kabambare, naye huianza kazi yake kabla ya joto.

Hata misafara ya zamani ilifuata kanuni hiyo. Njia iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kupita Kabambare hadi Kasongo na Nyangwe, ilitembewa kwa miguu. Wapagazi waliondoka alfajiri na kwa kawaida wakapiga kambi kabla ya alasiri, ili wapate kutafuta chakula na kupumzika. Kasongo, uliokuwa makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, ulijengwa na watu waliozoea siku ya namna hiyo. Waungwana waliobaki katika nchi hiyo baada ya vita vya 1892 hadi 1894 waliendelea kulima, kufanya biashara, kusali na kufundisha kwa mgawanyo ule ule: kazi nzito asubuhi, kivuli na mazungumzo mchana, na darasa baada ya alasiri.

Dola ya kikoloni ilipoleta ofisi, hospitali na shule, haikuibatilisha desturi ya asubuhi. Iliipa kengele tu. Shule za msingi za Kongo kwa kawaida huanza masomo saa 1 na nusu asubuhi. Kwa mwalimu aishiye mbali na shule yake, maana ya saa 1 na nusu ni kuamka saa 11 alfajiri, au kabla ya hapo ikiwa kuna mto wa kuvuka au tope la masika. Muuguzi anayepokea zamu ya asubuhi yuko katika hali hiyo hiyo.

3. Nani anarudi masomoni, na kwa nini

Katika watu wanaorudi masomoni, walimu wa shule za msingi ni mfano ulio dhahiri kuliko wote. Mwalimu wa shule ya msingi wa Kongo huingia kazini kwa diploma ya Taifa inayotolewa mwisho wa sekondari. Cheo na mshahara wake hutegemea kiwango cha elimu, kwa hiyo asiyepanda kwa masomo huona wenzake vijana wenye shahada wakimpita. Aidha, kazi yenyewe imezidi kuwa ngumu. Katiba ya 18 Februari 2006 ilitangaza kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Tangazo hilo lilianza kutekelezwa nchi nzima katika mwaka wa shule wa 2019-2020. Watoto wengi waliokuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa karo walijaa madarasani, na mwalimu aliyekuwa na darasa la wastani akajikuta na darasa kubwa.

Kwa muda mrefu mwalimu wa namna hiyo hakuwa na njia. Vyuo vikuu vya kwanza vya Kongo vilikuwa mbali: Lovanium ya Kinshasa, ya mwaka 1954, na kile cha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, cha 1956. Kisangani ulipata chuo chake mwaka 1963. Mwaka 1971 vyuo hivyo vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, vikatenganishwa tena mwaka 1981. Kwa mtu wa Kasongo, kusoma chuoni kulimaanisha kuhama, na kuhama kulimaanisha kuacha kazi. Siku hizi Kindu, makao makuu ya mkoa, una chuo kikuu cha umma, na Kasongo wenyewe una taasisi za elimu ya juu. Umbali umepungua, na ndipo swali jipya lilipozuka. Zamani swali lilikuwa: aache kazi au aache masomo? Sasa ni hili: avipange vipi vyote viwili katika siku moja?

Hata hivyo umbali haujaisha. Kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Kasongo hadi Kabambare ni zaidi ya kilomita 100. Mwalimu anayeishi karibu na mji anaweza kufika darasani kila alasiri kwa baiskeli au kwa miguu. Anayefundisha ndani ya Kabambare hawezi. Kwa hiyo wapo wanafunzi wafanyakazi wa aina mbili, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Jambo hili litarejewa katika sehemu ya 7.

4. Saa mbili, lugha mbili

Mwanafunzi mfanyakazi wa Lusangi huishi kwa saa mbili. Ya kwanza ni ile ya Waswahili, inayohesabu kuanzia mapambazuko, na ambayo inakwenda sambamba na swala: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Katika nchi yenye Waislamu wengi kama hii, hata asiyesali huijua alasiri kwa kuisikia adhana. Saa ya pili ni ile iliyobandikwa ukutani ofisini na chuoni, inayoandikwa kwa Kifaransa na kuhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Somo lililoandikwa kwamba linaanza saa 14 ni somo la saa 8 mchana. Katika Kiswahili cha miji ya Kongo hesabu hiyo ya Kifaransa husikika mara nyingi hata mdomoni, hivi kwamba mgeni kutoka Ujiji au Unguja aambiwaye aje saa mbili huweza kukosana na mwenyeji wake kwa saa sita nzima.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Saa ya jua inamwambia mtu kazi gani inafaa wakati gani. Saa ya ukutani inamwambia yuko wapi anapotakiwa. Mwenye kupanga siku yake kwa saa ya ukutani pekee huweza kuandika kwamba atasoma saa 2 usiku, akasahau kwamba saa hiyo nyumbani kwake hakuna umeme, watoto hawajalala, na yeye mwenyewe yuko macho tangu saa 11 alfajiri.

Lugha nazo ni mbili. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo ya nne pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, kuwa lugha za kufundishia na pia masomo ya kufundishwa. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la kwanza au la pili huwaeleza watoto hesabu kwa Kiswahili asubuhi. Alasiri yeye mwenyewe hukaa kwenye benchi kusikiliza mhadhara kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi na ya elimu ya juu. Kazi ya kubadili lugha huchosha, na haihesabiwi popote. Asomaye ukurasa mmoja wa Kifaransa cha kitaalamu usiku, baada ya kutwa nzima ya Kiswahili, huhitaji muda mrefu kuliko kijana aliyetoka sekondari jana.

Kuna na la tatu, nalo ni la heshima. Mtu yule yule anayeitwa mwalimu asubuhi ni mwanafunzi alasiri. Pengine anayemfundisha ni kijana aliyepita mikononi mwake alipokuwa mtoto. Katika jamii inayoheshimu umri, jambo hilo linaweza kuwa zito kuliko somo lenyewe. Mahali ambapo mhadhiri kijana huendelea kumwita mwanafunzi wake mwalimu au baba, na yeye akaitikia kwa kumwita profesa, uzito huo hupungua. Mahali ambapo mtu mzima hukaripiwa mbele ya vijana kwa kuchelewa dakika kumi, wengi hawarudi siku ya pili.

5. Neno chuo na somo lililomo

Historia ya neno chuo ina funzo katika mada hii. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa kitabu. Maana hiyo imehifadhiwa katika jina la utenzi mashuhuri wa mwaka 1728, Chuo cha Herekali, ujulikanao pia kwa jina la Utenzi wa Tambuka. Kutoka maana ya kitabu, neno likaja kutaja mahali pa kukisomea, yaani shule ya Kurani. Ni katika karne ya 20 tu chuo kilipokuwa jina la taasisi ya elimu ya juu. Aliyebobea katika elimu aliitwa, na bado anaitwa, mwanachuoni. Anayejifunza tu leo huitwa mwanachuo. Baina ya maneno hayo mawili iko safari nzima ya elimu.

Katika miji ya pwani kama Lamu, Mombasa na Unguja, chuo cha watoto na darasa la watu wazima havikuwa kitu kimoja. Mtoto alikwenda chuoni asubuhi, kwa kuwa asubuhi yake ilikuwa tupu. Mtu mzima alikuwa na duka, chombo au shamba. Darasa lake liliwekwa msikitini katika nyakati ambazo kazi ilikuwa imemwachilia: baada ya swala ya alfajiri, baada ya alasiri, au baina ya magharibi na isha. Shekhe alisoma kitabu kimoja na kukifafanua kifungu kwa kifungu. Kitabu kikubwa cha fiqhi kiliweza kuchukua miaka, wala hakuna aliyeona ni aibu. Aliyekosa siku moja kwa sababu ya safari alirudi akamwuliza mwenzake walipofikia. Kilichokuwa cha lazima ni kumaliza kitabu, si kukimaliza katika mwaka fulani.

Haifai kuupamba mtindo huo kupita kiasi. Haukutoa shahada inayotambuliwa na Serikali, na wanawake wengi hawakuupata kwa usawa na wanaume. Lakini una kanuni moja ambayo vyuo vya leo vimeisahau: saa ya darasa ilichaguliwa kwa kuitazama siku ya mwanafunzi, na mwendo wa kitabu ulikuwa mwendo wa watu waliohudhuria. Watu wa Kasongo na Lusangi hawaijui kanuni hiyo kwa kuisimuliwa. Wengi wao wameiona katika misikiti yao wenyewe.

6. Hesabu ya juma

Juma lina saa 168. Sheria ya kazi ya Kongo ya 16 Oktoba 2002 inaweka ukomo wa saa 45 za kazi kwa juma na saa 9 kwa siku. Usingizi nao una kiwango chake: mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa Marekani walishauri kwamba mtu mzima alale angalau saa 7 kila usiku, ambazo kwa juma ni 49. Hilo si anasa, kwa kuwa ni katika usingizi ndipo akili inapoyatia mizizi yale iliyojifunza mchana. Anayekesha kila siku ili asome hufanana na anayejaza mtungi uliotoboka.

Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 Kongo imekuwa ikiingiza mfumo wa Lisansi, Masta na Udaktari badala ya ule wa zamani wa miaka 3 ya graduwa na 2 ya lisansi. Katika mfumo huo mpya mzigo wa masomo hupimwa kwa krediti. Mwaka mmoja una krediti 60, na lisansi ya miaka 3 ina krediti 180. Krediti moja ikikadiriwa kuwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, mwaka mmoja ni saa 1,500. Zikigawanywa kwa majuma 40, ni saa 37 na nusu kwa juma.

Sasa hesabu iko wazi. Saa 45 za kazi, 37 na nusu za masomo na 49 za usingizi ni saa 131 na nusu. Zinazobaki ni 36 na nusu, yaani saa 5 na dakika chache kwa siku. Katika hizo mtu atembee kwenda kazini na chuoni, aoge, ale, asali, alee watoto, azike jirani, na alime shamba ambalo bila hilo mshahara hautoshi. Kwa mwanamke ongezeko la kuteka maji, kutwanga na kupika huweza kuzimaliza zote. Mzigo huo haukatazwi na sheria yoyote, lakini haubebeki kwa miaka mitatu mfululizo.

Ichukuliwe hesabu ya pili. Mtu yule yule akisoma nusu ya krediti kwa mwaka, yaani 30, masomo yatachukua saa 18 na robo tatu kwa juma. Zitabaki saa 55 na robo, karibu 8 kwa siku. Maisha yanarudi kuwa maisha. Bei yake ni muda: lisansi itachukua miaka 6 badala ya 3. Mfumo wa krediti wenyewe unairuhusu fikra hiyo, kwa kuwa krediti iliyokwisha kupatikana haipotei. Kinachokosekana mara nyingi ni taasisi kumweleza mwanafunzi tangu siku ya kwanza kwamba mwendo huo upo, na kumpangia ada kwa mwendo huo huo. Asiyeelezwa hujiandikisha kwa mzigo mzima, huanguka katika nusu ya masomo, na huondoka akiamini kwamba ameshindwa na akili, ilhali ameshindwa na hesabu.

Tena hasara si yake peke yake. Mwalimu aliyelala saa 4 tu husimama mbele ya watoto asubuhi akiwa hayupo. Watoto huandika wanayoyanakili ubaoni, naye husinzia kwenye kiti. Muuguzi aliyechoka huweza kukosea kipimo cha dawa. Kwa hiyo ratiba ya chuo cha Kasongo ni jambo linalomhusu hata mtoto wa darasa la pili asiyejua kwamba chuo hicho kipo.

7. Njia zilizojaribiwa na mapatano yanayowezekana

Nchi za Afrika Mashariki zimelikabili tatizo hili kwa namna mbalimbali. Azimio la Musoma la Novemba 1974, huko Tanzania, lilitaka anayeingia chuo kikuu awe kwanza amefanya kazi angalau miaka miwili. Sharti hilo liliondolewa baadaye, lakini kwa wakati wake liligeuza fikra: mtu aliyetoka kazini hakuwa tena mgeni chuoni. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipewa sheria yake mwaka 1975. Kisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kikapokea wanafunzi wake wa mwanzo katikati ya miaka ya 1990. Humo mwanafunzi hubaki kazini kwake, husoma kwa vitabu alivyoandaliwa, na hukutana na walimu kwa vipindi maalumu katika vituo vya mikoa. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kiliwapa walimu nafasi ya kusoma wakati wa likizo za shule, za Aprili, Agosti na Desemba.

Njia hizi mbili, ya masomo ya mbali na ya masomo ya likizo, ndizo zinazomfaa mwalimu wa ndani ya Kabambare. Hana haja ya kuwa Kasongo kila alasiri. Ana haja ya kitabu kilichoandikwa vizuri, mwenzake wa kujadiliana naye, na majuma machache ya darasa kali wakati wanafunzi wake wako likizoni. Simu ya mkononi inaweza kumfikishia maelezo ya mhadhiri pale mtandao unapofika, lakini haiwezi kuwa nguzo pekee mahali ambapo mtandao na umeme havina uhakika.

Kwa anayekaa karibu na mji, ni mapatano ya ratiba. Ichukuliwe, kwa mfano, siku ya mwalimu anayemaliza kufundisha saa 6 na nusu mchana. Akipewa nafasi ya kula, kusali na kupumzika, anaweza kuingia darasani saa 8 mchana na kutoka saa 11 jioni kukiwa bado na mwanga wa kumfikisha nyumbani. Hizo ni saa 3 kwa siku, au 15 kwa juma la siku tano. Zikiongezwa saa 4 za Jumamosi, zinafika 19, ambazo zinatosheleza nusu ya krediti hata bila kusoma usiku. Somo likiwekwa saa 7 mchana, litagongana na Ijumaa msikitini. Likiwekwa hadi saa 1 usiku, litawapoteza kwanza wanawake, kwa sababu njia ya gizani haina usalama.

Yako pia mapatano ambayo hayangoji chuo. La kwanza ni kazini. Katika Kongo watu wengi wanajua likelemba, ambayo pwani huitwa upatu: kila mmoja huchanga, na zamu kwa zamu mmoja huchukua fungu lote. Walimu au wauguzi wanaosoma wanaweza kuchangiana saa kwa kanuni hiyo hiyo. Anayekabiliwa na mtihani juma hili hushikiwa zamu na wenzake, naye huzilipa saa hizo juma la mitihani ya wengine. Mkuu wa shule au wa hospitali akiyajua na kuyaandika mapatano hayo, hayawi utoro.

La pili ni nyumbani. Aliyeolewa au kuoa harudi masomoni peke yake, nyumba nzima hurudi naye. Shamba lipi litapunguzwa msimu huu, nani atateka maji siku za darasa, taa ya jua itakuwa ya nani saa ngapi: mambo haya yakisemwa kabla ya kujiandikisha huwa mipango, yakisemwa baadaye huwa ugomvi. La tatu ni la mtu mwenyewe. Saa moja ya alfajiri, baada ya usingizi kamili, hufaa kwa somo gumu kuliko saa mbili za usiku baada ya uchovu. Kazi za usiku ziwe zile nyepesi, kama kunakili, kupanga karatasi na kusahihisha madaftari. Aidha, siku moja katika juma iachwe bila masomo kabisa, kwa sababu ratiba isiyo na nafasi tupu huvunjika kwa msiba au homa ya kwanza.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba siku ya kazi ya Lusangi ina asili ndefu kuliko chuo, na kwamba haitabadilika kwa ajili ya chuo. Jua litachomoza karibu na saa 12, mpunga utaamiwa, na kengele ya shule italia saa 1 na nusu. Kinachoweza kubadilika ni saa ya darasa, idadi ya krediti kwa mwaka, na namna wenzake kazini na watu wa nyumbani wanavyogawana mzigo. Mashekhe wa pwani waliliweka darasa la watu wazima baada ya alasiri kwa sababu walijua wanafunzi wao walitoka wapi mchana. Taasisi ya elimu ya juu inayotaka kumhudumia mwalimu wa Kasongo ianze kwa swali hilo hilo siku ya kujiandikisha: unatoka kazini saa ngapi, na kwako ni mbali kiasi gani? Jibu la hapo ndilo liamue mwalimu huyo apewe krediti 60 au 30, darasa la kila siku au la likizo, kabla hajalipa ada ya kwanza.